Kutembelea makaburi ya makaizari Vienna bila kutoka mikono mitupu: mwongozo kamili wa Kaisergruft

Wasomaji waliopita Vienna huniletea lalamiko lilelile, maneno tu ndiyo yanabadilika: nililipa kiingilio, nikashuka ngazi, nikaona majeneza ya chuma, dakika ishirini nikawa nje. Sasa kile kinachosifiwa kiko wapi?

Kipo. Ila wengi hushuka wakitafuta jeneza moja tu, la Malkia Elisabeth, yule wa jina la utani "Sisi", wa kwenye maboksi ya chokoleti, na wakishalipiga picha wanageuza. Jeneza hilo liko karibu na mwisho wa njia. Wamepita mbio kwenye vyumba vilivyo bora zaidi kufikia kilicho rahisi zaidi.

Kaisergruft ni makaburi ya Habsburg, ukoo uliotawala Austria, chini ya kanisa la watawa Wakapuchini, katikati ya Vienna. Humo wamelazwa takribani watu 150, wakiwamo makaizari 12, katika vyumba kumi ambavyo kwa kiasi kikubwa vinafuatana kwa miaka, kuanzia karne ya 17 hadi yetu hii. Anayejua namna ya kusoma majeneza hayo ataona saa moja na nusu ni ndogo. Asiyejua ataona mabati.

## Mahitaji

Pasipoti na viza ya Schengen. Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza. Ukiwa na kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, tuseme Ujerumani au Uholanzi, kibali hicho kinakutosha kwa matembezi mafupi. Mnaoishi Uingereza, angalieni: kibali cha huko hakiwaingizi Austria. Wapo walioligundua hili wakiwa uwanja wa ndege.

Kiingilio. Mtu mzima atenge euro 15 na chenji itabaki. Bei kamili iangalie kwenye tovuti yao wiki ya safari.

Sweta au koti jepesi, hata Julai. Juu kunaweza kuwa na joto la Dar na chini pakawa na ubaridi wa Lushoto.

Karatasi yenye majina ya kutafuta. Andika: Matthias na Anna, Karl VI, Maria Theresia, Joseph II, Fuchs, Franz II, Maximilian, Franz Joseph, Elisabeth, Rudolf, Zita. Iandike kwa mkono. Ukiweka kwenye simu utaishia kusoma ujumbe wa WhatsApp mbele ya kaizari.

Namba za Kirumi. I ni 1, V ni 5, X ni 10, L ni 50, C ni 100, D ni 500, M ni 1000. Bila hizi hutajua mwaka wa jeneza hata moja la zamani.

Saa moja na nusu isiyo na miadi nyuma yake.

## Hatua ya 1: Hakikisha unakwenda mahali penyewe

Hapa ndipo wengi hupotea kabla hata ya kupanda treni. Vienna ina sehemu tatu za mazishi ya ukoo huu, na watu huzichanganya.

Wahabsburg wengi waligawanywa baada ya kufa. Mwili ulikwenda kwa Wakapuchini. Moyo, ndani ya chombo cha fedha, ulipelekwa kanisa la Augustinerkirche. Matumbo yaliwekwa kwenye vyombo vya shaba chini ya kanisa kuu la Stephansdom. Moyo wa kwanza kuhifadhiwa Augustinerkirche kwa mtindo huo ni wa Ferdinand IV, mwaka 1654. Wa mwisho ni wa Franz Karl, mwaka 1878.

Kwa hiyo ukiona tangazo la ziara ya makaburi ya chini ya Stephansdom, hayo ni mengine. Yanafaa kuonwa, lakini humo hutamkuta Maria Theresia akiwa mzima. Unayoyataka yanaitwa Kaisergruft au Kapuzinergruft. Gruft, yaani chumba cha makaburi cha chini ya ardhi, ni neno utakaloliona kwenye kila kibao kule chini, likibandikwa kwenye jina la chumba: Karlsgruft, Franzensgruft na kadhalika.

Onyo: ile tiketi ya pamoja inayouzwa kwa jina la Sisi haiingii hapa. Inahusu makasri na makumbusho ya serikali, na Kaisergruft iko mikononi mwa Wakapuchini. Ndiyo, tiketi ina jina lake na haikufikishi kaburini kwake. Lipia mlangoni au kwenye tovuti ya Kaisergruft yenyewe.

## Hatua ya 2: Chagua siku na saa

Kwa kawaida hufunguliwa kila siku, 10:00 hadi 18:00. Kwa saa zetu ni saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Ninalisema waziwazi kwa sababu wapo wanaosoma 10:00 wakaenda saa kumi alasiri, wakabakiwa na muda wa kukimbia.

Siku za katikati ya wiki, fika mlango unapofunguliwa. Vikundi vya mabasi huingia baadaye kidogo, na kikundi kimoja cha watu arobaini kinatosha kuziba chumba kizima.

Kama unataka kuona na mioyo, chagua Jumapili, na sababu utaikuta hatua ya 10. Jumapili hiyo anza na misa kuu ya Augustinerkirche, ya 11:00, kisha Kaisergruft alasiri.

Usiingie chini ya saa moja kabla ya kufungwa. Hakuna atakayekurudishia pesa kwa sababu ulikuwa hujamaliza.

## Hatua ya 3: Fika Neuer Markt

Ukitokea kituo kikuu cha treni, Wien Hauptbahnhof, panda treni ya chini ya ardhi U1 kuelekea katikati ya jiji. Kituo cha pili ni Karlsplatz, cha tatu Stephansplatz. Vyote viwili ni karibu, ila mimi hupendelea Karlsplatz kwa sababu ni vigumu kupotea: tokea upande wa jengo la Opera, lizunguke kwa nyuma hadi Albertinaplatz, kisha shika mtaa wa Tegetthoffstraße. Kanisa litakuwa mkono wako wa kushoto, unapoingia kwenye uwanja wa Neuer Markt.

Onyo la tiketi ya treni: vituoni hakuna vizuizi vya kupita. Mgeni hudhani ni bure, au hununua tiketi ya karatasi akaitia mfukoni. Tiketi ambayo haijagongwa mhuri lazima uigonge kwenye kile kisanduku cha buluu kabla ya kupanda. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida, faini inazidi euro 100, na "mimi mgeni" haisikilizwi.

Ukifika utaona kanisa dogo, la kawaida, ambalo mtu anaweza kulipita akitafuta jengo la kifalme. Ndilo hilo. Wakapuchini ni watawa waliojifunga kwa ufukara. Wakatoliki wa Dar es Salaam na Mahenge wanawafahamu vizuri, maana shirika hilohilo limefanya kazi kwao miaka mingi. Malkia Anna, mke wa Kaizari Matthias, alitaka yeye na mumewe wazikwe kwa watawa hao, na ukoo ukafuata.

Mlango wa makaburi si mlango wa kanisa. Tafuta ulioandikwa Kaisergruft.

## Hatua ya 4: Mlangoni

Salimia kwanza. Vienna husema "Grüß Gott", na anayeingia bila salamu huonekana hana adabu, jambo ambalo sisi hatuhitaji kufundishwa.

Chukua ramani ya vyumba. Uliza mambo matatu hapohapo: utaratibu wa picha siku hiyo, kama kuna ziara ya kuongozwa inayokaribia kuanza, na lifti kama una mzee au mtoto wa kigari.

Kisha taratibu za ndani:

- Mwanga wa kamera uzime kabisa.
- Kofia ya jua vua. Hijabu haina tatizo lolote.
- Sauti chini. Vyumba vina mwangwi, na utakalomnong'oneza mwenzako litafika chumba cha pili.
- Usiguse wala kuegemea jeneza. Mengi ya zamani ni ya mchanganyiko wa bati na risasi, madini laini ambayo unyevu huyaharibu, na kiganja cha mtu ni unyevu mtupu.

Wasomaji Waislamu huniuliza kama watalazimika kushiriki ibada. Hapana. Wakati wa matembezi hakuna ibada. Ila kumbuka kwamba haya ni makaburi yanayotumika bado: ukoo upo na huja kuwaombea wafu wao. Ukimkuta mtu ameinamisha kichwa, subiri nyuma yake.

## Hatua ya 5: Anza mwanzo, ujifunze kusoma

Ukishuka, pinga hamu ya kukimbilia mbele. Tafuta Gründergruft, chumba cha waasisi, ambapo Anna na Matthias wamelala. Walifariki 1618 na 1619, na walihamishiwa hapa 1633. Ni chumba kidogo na majeneza yao hayana mbwembwe. Yatazame vizuri, kwa sababu ndiyo kipimo cha kila utakachoona baadaye.

Sasa ingia Leopoldsgruft na uanze mazoezi. Kwenye kila jeneza tafuta vitu vitatu kwa mpangilio huu.

Kwanza taji. Lipo? Mangapi? Ya nchi gani? Mtu wa ukoo huu aliweza kuwa kaizari hapa, mfalme wa Hungaria pale na wa Bohemia (Cheki ya leo) kule, na kila cheo kilikuwa na taji lake.

Pili alama za kifo: mafuvu, mifupa iliyopishana, mabawa. Usizichukulie kuwa vitisho. Ziliwekwa ili mtawala na mtazamaji wote wajue nani bwana.

Tatu maandishi. Mengi ni Kilatini. Hutahitaji kukijua, tafuta NATUS au NATA, yaani kazaliwa, na OBIIT, yaani kafariki. Penye maneno hayo utakuta na mwaka. MDCCXL ni 1740. MDCCLXXX ni 1780.

Humuhumu kuna vishubaka ukutani vyenye majeneza madogo. Ni watoto. Ukoo uliotawala nusu ya Ulaya ulizika watoto kama ulivyozika ukoo wowote wa zama zile. Aliyefiwa na mtoto ajiandae, na anayeongozana na watoto wake afikirie mapema atawaambia nini.

Utajua umefaulu ukiweza kusimama mbele ya jeneza usilolijua na kusema, bila kutazama kibao, kama ni la mtawala au la, na alifariki mwaka gani.

## Hatua ya 6: Fuvu lenye taji

Karlsgruft. Hapa majeneza yanaanza kuwa makubwa ghafla. Tafuta la Karl VI, baba yake Maria Theresia, aliyefariki 1740. Fundi wake ni Balthasar Ferdinand Moll, jina utakalolikuta tena chumba kinachofuata.

Lizunguke hadi ukutane na fuvu la kichwa lililovaa taji la kaizari. Wengi wanalijua kwa picha, kwa hiyo hulitafuta, wakalipiga, wakaondoka. Wewe baki. Tazama taya na meno yalivyochongwa, halafu taji lilivyotulia juu ya mfupa, kila pambo mahali pake. Tajiri gani wa leo angelipa fundi amchoree kitu hicho juu ya jeneza la baba yake?

Tenga dakika kumi. Ukibanwa na kikundi, jisogeze pembeni na usubiri, huondoka haraka.

## Hatua ya 7: Maria Theresia, chumba ulichokujia

Kama una muda wa chumba kimoja tu, ni hiki. Utakijua kwa kuba yake, na kwa jeneza ambalo kwa ukubwa linakaribia nyumba ndogo.

Ni jeneza la watu wawili, Maria Theresia na mumewe Franz Stephan. Juu yake mke na mume wamejiinua nusu, wanatazamana, kama walioamshwa usingizini. Na kweli wameamshwa: malaika mwenye tarumbeta anawaita kwenye ufufuo. Wa kwanza anayemwona katika asubuhi hiyo ni mwenzake.

Moll alilikamilisha mwaka 1754. Franz Stephan alifariki 1765 na Maria Theresia 1780. Maana yake mama huyu aliishi miaka 26 akilijua jeneza lake, na kwa miaka 15 ya mwisho mumewe alikuwa tayari ndani.

Pembeni kuna wanawake wanne wanaoomboleza, na kila mmoja ana taji. Hapa mazoezi ya hatua ya 5 yanalipa: ni mataji ya Dola Takatifu ya Kirumi, Hungaria, Bohemia na Yerusalemu. La mwisho lilikuwa cheo cha jina tu, kwani hawakuitawala Yerusalemu hata siku moja.

Mpwani ana sababu yake ya kusimama hapa. Zile reale za fedha zilizopita Zanzibar, Oman na Uhabeshi, zenye kichwa cha mwanamke mnene na mwaka 1780, kichwa ni cha huyu. Ziliendelea kupigwa zikiwa na mwaka uleule wa kifo chake kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu walizoea sura hiyo na hawakuamini nyingine. Wapo mabibi wetu waliotolewa mahari kwa uso wa mwanamke aliyelala hapa. Kiwanda cha sarafu cha Austria bado kinazipiga, na Vienna unaweza kununua moja ukaenda nayo nyumbani.

### Usiondoke kabla ya kuona wawili hawa

Mbele ya jeneza hilo kubwa kuna sanduku la shaba lisilo na nakshi. Watalii hulitupia macho kidogo tu. Ni Joseph II, mtoto wa hao wawili, kaizari, aliyefariki 1790. Hakuishiwa pesa. Mwaka 1784 aliwaamuru raia wazikwe bila makuu, maiti ikitiwa kwenye mfuko na jeneza lenye mlango wa chini litumike tena kwa mwingine. Watu walikasirika mno na amri ikafutwa. Yeye mwenyewe hakubadilika. Rudi hatua tatu nyuma, uone jeneza lake na la wazazi wake kwa pamoja. Hiyo ndiyo picha bora ya Kaisergruft nzima, na karibu kila mtu huikosa kwa kusimama karibu mno.

Wa pili ni Karoline von Fuchs-Mollard, aliyefariki 1754. Hakuwa wa ukoo. Alikuwa mlezi wa Maria Theresia, na ndiye mtu pekee asiye wa familia aliyezikwa humu, kwa amri ya Maria Theresia mwenyewe. Mtu anayejua thamani ya yaya aliyemkuza hatahitaji maelezo zaidi.

Hapa tumia nusu saa.

## Hatua ya 8: Kaza mwendo

Sasa ndipo unaruhusiwa kuharakisha.

Franzensgruft: Franz II yuko katikati, na kwenye pembe nne wako wake zake wanne. Si kwa pamoja. Kila mmoja aliolewa baada ya aliyemtangulia kufariki. Ndiye aliyeivunja Dola Takatifu ya Kirumi mwaka 1806, Napoleon akiwa mlangoni.

Ferdinandsgruft na Toskanagruft: wengi, na baadhi wamezikwa ndani ya kuta. Pita. Kama jina fulani linakuhusu kwa utafiti wako, muulize mhudumu. Vinginevyo hifadhi nguvu.

Neue Gruft: chumba cha zege kilichojengwa kati ya 1960 na 1962 kupunguza msongamano. Wengi hawakipendi kwa sababu hakina sura ya kale. Mimi nakipenda: kimenyamaza, majeneza yanajieleza yenyewe. Tafuta wawili. Marie Louise, binti wa Franz II, aliyeozwa Napoleon yuleyule. Na Maximilian, mdogo wake Franz Joseph, aliyekubali kwenda kuwa kaizari wa Meksiko na akapigwa risasi huko Querétaro mwaka 1867. Mwili wake uliletwa kwa meli.

## Hatua ya 9: Franz Joseph, Sisi, Rudolf, kisha kikanisa

Umefika walikokimbilia wote, na tofauti yako na wao ni kwamba sasa unajua kusoma.

Katikati, juu zaidi, ni Franz Joseph, aliyetawala kuanzia 1848 hadi alipofariki 1916, miaka 68. Upande mmoja ni mkewe Elisabeth, aliyechomwa kwa tupa iliyonolewa na Luigi Lucheni mjini Geneva, 10 Septemba 1898. Upande mwingine ni mtoto wao wa kiume, Rudolf, aliyefia kwenye nyumba yake ya uwindaji huko Mayerling, 30 Januari 1889, akiwa na miaka 30, pamoja na msichana Mary Vetsera.

Hesabu tarehe. Mzee huyu alizika mdogo wake aliyepigwa risasi, mwanawe aliyekuwa arithi kiti, kisha mkewe, na akaendelea kutawala.

Maua hayakosekani kwa Elisabeth, mara nyingi yakiwa na utepe mwekundu, mweupe na kijani. Ni Wahungari, alikuwa malkia wao na hawajamsahau.

Mkenya asimame kwa Rudolf. Machi 1888 msafara wa Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel ulifika ziwa kubwa la kaskazini na kulipa jina la kijana huyu, kana kwamba wenyeji walikuwa hawana jina. Chini ya mwaka mmoja baadaye alikuwa amekufa, ila jina lake lilibaki kwenye ramani hadi 1975, ziwa lilipoitwa Turkana. Ziwa dogo la upande wa Ethiopia, Chew Bahir, walilipa jina la mkewe, Stefanie.

Onyo: hapa ndipo foleni ya picha hukwamisha watu. Piga moja, sogea.

Malizia Gruftkapelle, kikanisa cha mwisho. Zita, mke wa kaizari wa mwisho, alizikwa hapa 1 Aprili 1989, akiwa amefariki na miaka 96. Mumewe, Karl I, hayupo. Utaona sanamu ya kichwa chake tu. Alifia uhamishoni Madeira mwaka 1922 na kaburi lake liko hukohuko. Wakatoliki watamkumbuka kama mwenye heri, aliyetangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2004. Mtoto wao Otto alizikwa Julai 2011, moyo wake ukapelekwa abasia ya Pannonhalma, Hungaria.

Kwenye mazishi ya Otto jeneza lilifika mlangoni, mshereheshaji akabisha. Ndani wakauliza ni nani. Yakatajwa majina na vyeo vyake vyote. Jibu: hatumjui. Akabisha tena, akataja kazi na heshima alizopata maishani. Hatumjui. Mara ya tatu akasema ni Otto, mwanadamu wa kufa, mwenye dhambi. Mlango ukafunguliwa.

### Wasiokuwepo

Ili usipoteze muda kuwatafuta: Franz Ferdinand, mrithi wa kiti aliyeuawa Sarajevo, yuko kwenye kasri la Artstetten, kwa sababu mkewe Sophie hakuhesabiwa kuwa wa hadhi ya kuingia hapa na yeye alitaka walale pamoja. Marie Antoinette, binti wa Maria Theresia, yuko Saint-Denis karibu na Paris. Mwana wa Napoleon na Marie Louise alikuwa humu hadi 1940, Hitler alipoamuru apelekwe Paris. Mary Vetsera amezikwa Heiligenkreuz, nje ya jiji, mbali na Rudolf.

## Hatua ya 10: Ifuate mioyo

Hatua hii si ya lazima, na ndiyo ambayo wasomaji wachache walioifuata hunishukuru zaidi.

Augustinerkirche iko mwendo wa dakika tano kwa miguu, kupitia Albertinaplatz. Katika kikanisa cha Loreto kuna chumba kinachoitwa Herzgruft, chenye vyombo vya fedha 54, kila kimoja na moyo wake. Hakifunguliwi ovyo. Nafasi yako nzuri ni baada ya misa kuu ya Jumapili, ile ya 11:00. Misa huimbwa kwa okestra, kwa hiyo wahi kiti. Ikiisha, usitoke na umati. Mwendee mhudumu karibu na sakristia umwambie unataka kuona Herzgruft. Andaa mchango mdogo wa fedha taslimu.

Utachungulia, hutaingia ukazunguka. Vyombo vimepangwa kwa safu, vidogo kuliko unavyotarajia. Ukiwa na karatasi yako ya majina, tafuta wa Maria Theresia. Wa Franz Joseph, Elisabeth na Rudolf usiutafute. Hao walizikwa wakiwa kamili.

Jumapili ikikosekana, nenda Stephansdom ukajiunge na ziara ya makaburi ya chini. Huwezi kushuka bila mwongozaji, na huko ndiko viliko vile vyombo vya shaba vya matumbo. Ziara huanza ndani ya kanisa, saa zake zimebandikwa kwenye kibao. Mwenye tumbo jepesi ajue mapema kwamba baada ya vyombo vya kifalme njia huendelea hadi kwenye mifupa ya raia, imelundikwa hadi darini.